Aliyekataa Kuusifu Muhogo

Kama hujawahi kufukuzwa na mtu uliyekwenda kununua chakula kwake, basi hukuwahi kununua mihogo kwa Shosho wetu pale Ziwani. Mimi nilifukuzwa mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa darasa la nne, nimetumwa na mama, nikasema kama nilivyofundishwa: "Shosho, mama anasema umpe ile laini."

Aliniangalia kwanza. "Rudi umwambie mama yako hapa hakuna laini na ngumu. Hapa iko iliyoiva. Kama anataka nyingine, Nairobi ni kubwa."

Nikarudi mikono mitupu. Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajifunga leso akaenda mwenyewe kuomba radhi. Mama yangu alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani na hakuwa na mazoea ya kuomba radhi kwa mtu yeyote, baba akiwemo. Alirudi na mihogo, na tangu siku hiyo nilipotumwa niliagizwa kusema "shikamoo" na kunyamaza.

Jina lake nalijua, lakini mtaani hakuna aliyelitumia, nami sitaanza leo. Watoto walimwita Shosho, yaani bibi. Mafundi wa magari walimwita Shosh. Wazee wenzake walimwita Mama wa Mihogo, na askari wa kaunti walimwita "wewe mama". Aliitikia yote isipokuwa hilo la mwisho.

Kona yake ilikuwa kati ya ukuta wa nyumba zetu za zamani na uwanja wa wale mafundi. Vitu vyake vilikuwa sufuria moja kubwa iliyoungua mpaka ikawa nyeusi nje na ndani, jiko la makaa, kigoda, ndoo mbili za maji, na kipande cha turubai cha kuzuia jua. Hakuwa na pilipili. Hakuwa na ndimu. Ukimwuliza pilipili alikuonyesha upande wa pili wa barabara, kwa Mama Kevo, aliyekaanga mihogo kwa mafuta na kuirushia pilipili nyekundu. "Pilipili ni ya kuficha," alisema. "Kwangu sina cha kuficha." Alilisema hilo kwa sauti, Mama Kevo asikie, na Mama Kevo alijibu kwa sauti vilevile kwamba kuna watu wanauza muhogo kwa bei ya kiburi. Wakati wa chakula cha mchana walibadilishana sahani.

Watu husema alikuwa mkaidi. Ni kweli, na sioni kwa nini nimtetee kwa kusema vingine. Ila mkaidi wa kawaida hukataa ili ashinde. Huyu alikataa kwa sababu alikuwa amekagua. Nani mwingine mtaani alikuwa anakagua kitu? Sisi tulikula tulicholetewa, tukalipa bei zilipopanda, tukawapigia kura tulioambiwa. Yeye peke yake ndiye niliyemwona akirudisha.

Mzigo wake uliletwa Jumanne na Ijumaa asubuhi na Mutiso, aliyekuja na pikapu kutoka Makueni. Wachuuzi wengine walinunua gunia. Shosho alinunua muhogo mmoja mmoja. Aliushika katikati, akaupima kwa kiganja, kisha akauvunja mkia. Ukikatika mara moja na kutoa utomvu mweupe, aliuweka kando. Ukijipinda kwanza, aliurudisha kwenye pikapu bila neno. Halafu alikwaruza ganda kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha aliouacha mrefu kwa kazi hiyo tu, aone kama ganda la ndani linaachana na nyama bila kuvutwa. Akatazama pale alipovunja, kama kuna vijistari vya buluu, dalili ya muhogo uliokaa. Mwisho alikata kipande chembamba karibu na kichwa, mahali muhogo ulipokuwa umeshikana na shina, akakitafuna kibichi huku amefumba macho, akakitema. Mchungu aliukatakata vipande vidogo kabla ya kuutupa, ili asije mtu akauokota akaupika. Alijua muhogo mchungu unaweza kumlaza mtoto hospitali.

Mutiso alivumilia yote hayo akiwa ameegemea mlango wa gari, mikono kifuani.

"Mama, sasa huu uko na shida gani?"

"Uko na siku tatu."

"Tumeng'oa jana!"

"Basi jana ya huko kwenu ni ndefu sana."

Katika kupika alikuwa na sheria ambazo sijui alizitoa wapi. Maji baridi mwanzoni, mihogo ikiwa imesimama wima, minene chini. Jani la mgomba juu, kisha kifuniko. Chumvi mwishoni, kwa sababu chumvi ya mapema, alisema, inaukaza. Na mihogo ikianza kuchemka, usiongeze maji baridi hata kama nyumba inaungua. Fundi mmoja aliwahi kumwona ameondoka kidogo, akaona maji yamepungua, akamsaidia kwa kumimina kikombe kimoja. Shosho aliporudi alionja kipande kimoja tu. Akaimwaga sufuria nzima kwenye pipa la taka, akakaa. Yule fundi alishinda siku hiyo chini ya gari hata baada ya kazi kwisha.

Kujua kama umeiva, alitumia waya wa mwavuli ulionolewa. Waya ukiingia bila kusukumwa, na muhogo wenyewe ukiwa umeanza kupasuka, aliipua na kumwaga maji. Lakini hapo bado hakuuza. Alitoa kipande kimoja, akakiweka kwenye kisahani cha bati kandoni, akakiacha kipoe kabisa. Wateja wanangoja, mate yanawatoka, mvuke unapanda, na yeye amekunja mikono anatazama kisahani.

"Shosh, si utoe tu? Tuna njaa bana," mafundi walilalamika.

"Kila muhogo ni mtamu ukiwa moto," aliwajibu. "Ngoja upoe ndio ujue umeoa nani."

Kikipoa alikivunja kwa vidole. Kikimeguka kuwa unga, aliuza. Kikiwa kimekaza na kung'aa ndani, alitangaza kwamba leo mihogo ni ya kuwapelekea ng'ombe, na kweli kulikuwa na mzee mwenye ng'ombe wawili aliyeufahamu mwendo wake.

Masika yakianza ndiyo ilikuwa balaa. Alisema muhogo ukinyeshewa baada ya kiangazi hurudisha unga wake kwenye majani, mizizi ikabaki maji matupu. Wiki za kwanza za mvua, wakati kila mtu Nairobi anatetemeka na kutamani kitu cha moto, yeye ndio alifunga. Wachuuzi wenzake waliuza mpaka sufuria zikakauka. Nilimwuliza mara moja kama haoni uchungu kuwaona wenzake wakiuza. "Naona," alisema. "Si mimi ni mtu?" Lakini hakufungua.

Sasa usidhani nakuchorea malaika. Mwanamke huyu alikuwa mwongo. Askari wa kaunti walipokuja kuwafukuza wachuuzi, aliwaambia sufuria ile ni ya matanga, kuna mtu amefariki nyumba ya tatu, watu wanangoja kula. Alilia machozi ya kweli. Kwa hesabu yangu alizika ukoo mzima pale nyumba ya tatu, na mwenye nyumba hiyo alikuwa akisalimiwa kwa pole asizojua chanzo chake. Umri wake aliutaja tofauti kila mwaka, na mara nyingine ulipungua. Aliniambia gauni langu la harusi lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kuona. Picha ninazo, na gauni lile lilikuwa aibu. Ni kwenye muhogo tu alikotaka ukweli, na hapo hakumpunguzia mtu.

Watu wa mradi wa kilimo walikuja nikiwa karani wa kanisa letu. Waliomba ukumbi. Walikuwa na mbegu mpya ya muhogo, wakataka wanaoupika na kuuza mjini wauonje pamoja na ule wa zamani, kisha majibu yao ndiyo yaamue ni mbegu gani watagawiwa wakulima wa kule anakotoa mzigo Mutiso. Walitueleza wazi: utakaochaguliwa ndio utakaopandwa. Kwa hivyo kila mchuuzi aliyekuwa ukumbini alijua kinachoamuliwa ni sufuria yake. Shosho alikijua zaidi, kwa sababu yeye hakuwa na mafuta wala pilipili ya kukimbilia.

Aliyeongoza shughuli alikuwa mwanamke kijana mwenye koti jeupe, tukamwita Daktari wa Mihogo. Hakuwa mtu mbaya, na sitamsema kama mtu mbaya. Alituambia mbegu mpya inastahimili ugonjwa, na shina moja linazaa mara mbili ya lile la zamani. Sote, hata mimi karani, tuligawiwa karatasi zenye picha za nyuso tano, ya kwanza inalia, ya tano inacheka meno yote nje. Ungeonja kipande, unywe maji, uweke alama kwenye uso unaolingana na ulichosikia mdomoni. Sahani zilikuwa tatu, mbili za muhogo wa zamani na moja ya mpya, zenye namba tu, tusijue upi ni upi.

Mpango ulikuwa mzuri. Walichosahau ni sisi. Mihogo ile ilikuwa imepikwa na akina mama wa kanisa tangu alfajiri, na mke wa mchungaji mwenyewe ndiye alikuwa anapita na sinia, anakupakulia, anasimama hapo kidogo akikutazama usoni kwa upendo. Kwetu chakula cha mtu hakisemwi. Unakula, unasema asante, ukishindwa unasema umeshiba. Ndivyo tulivyolelewa wote mle ukumbini, aliyetoka Murang'a na aliyetoka Kitui. Sasa nani angemkunjia uso mke wa mchungaji?

Nilipofika sahani ya pili nilijua. Ulikuwa moto, na kwa sababu ya moto ulijifanya laini, lakini katikati ulirudisha meno. Nilikuwa nimekula mihogo ya Shosho tangu utotoni, na nilijua nilichokuwa natafuna. Nikainua macho, mke wa mchungaji akatabasamu. Nikaweka alama kwenye uso unaocheka meno yote nje. Sikulazimishwa na mtu.

Karatasi zilikusanywa na mimi. Nilizipitia zikiwa mkononi: kicheko, kicheko, kicheko. Zote za sahani ya pili zilicheka. Bado ya mmoja.

Shosho alikuwa amekaa safu ya nyuma. Vipande vyake vilikuwa juu ya leso mapajani, kila kimoja na kikaratasi cha namba yake, havijaguswa.

"Mama, hujaonja?" Daktari alimwuliza.

"Nangoja vipoe."

"Tunaonja vikiwa moto, mama. Ndio utaratibu."

"Huo ni utaratibu wako. Wateja wangu wanabeba mihogo kwa karatasi mpaka kazini. Wanakula saa saba. Saa saba iko moto?"

Watu wakacheka, Daktari naye akacheka kidogo, akatazama saa. Akasema muda umekwisha. Shosho akasema wa muhogo bado. Tukakaa. Ukumbi mzima ulikaa ukimngoja mwanamke mmoja na vipande vitatu vya muhogo, soda zetu zimeisha, mke wa mchungaji sasa hatabasamu. Hatimaye akaonja cha kwanza, akanywa maji. Akaonja cha tatu, akanywa maji. Akachukua cha pili, hakukionja. Aliinuka, akakigonga juu ya meza mara mbili, na kikalia kama jiwe.

Kisha akaweka alama yake kwenye uso unaolia. Akaipitia tena kalamu ili ikolee.

"Mama," Daktari alisema kwa upole, "lakini wenzako wote wamesema huu ni mtamu."

"Wenzangu wamefunzwa adabu. Umewapikia, ukawapa soda, ukawasimamia. Ulitaka wakuambie nini?" Alitugeukia. Sijui kama alinitazama mimi, mimi niliangalia sakafu. "Mimi sikuja kula kwa mtu. Nimeitwa niulizwe wapande nini. Huu wasipande."

Mke wa mchungaji alitoka nje. Baadaye alisema mama yule amemwaibisha mbele ya wageni, na kwa muda mrefu Shosho alikaa kanisani kwenye benchi la peke yake. Karatasi yake iliwekwa kando na kijana wa mradi, aliyesema huenda hakuelewa maswali. Nilikuwepo. Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema kwamba katika ukumbi ule aliyeelewa maswali alikuwa mmoja. Nilipanga viti.

Mbegu mpya ikagawiwa, ikapandwa, na mwaka uliofuata ikafika Ziwani ndani ya pikapu ya Mutiso. Ilikuwa mihogo minene kuliko paja la mtu. Mutiso alikuwa amefurahi kama bwana harusi.

Shosho alichukua mmoja, akavunja, akakwaruza, akatafuna, akatema. Akachukua wa pili. Alikagua zaidi ya ishirini, jua likapanda, hakuuweka kando hata mmoja.

"Mama, sasa iko hii tu," Mutiso alimwambia. "Ile ya zamani watu wameng'oa. Uchukue hii ama uache. Sina ingine."

"Naacha."

"Na utauza nini?"

"Kwani nimekuambia nitauza?"

Akaiosha ile sufuria, akaipindua juu ya jiko lisilo na moto, mdomo chini, akakaa kando yake kwenye kigoda. Tulidhani ni hasira za siku moja. Kesho yake alikuja asubuhi kama kawaida, akatandaza turubai, akaipindua sufuria, akakaa. Na kesho kutwa. Ukiuliza mihogo, alikwambia hakuna, na ukiuliza kwa nini, alikueleza kuanzia mwanzo, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Niaje Shosh, kwani umegoma?" mafundi walimtania.

"Nimegoma."

"Na unagomea nani? Serikali?"

"Nagomea huo muhogo."

Walicheka, lakini wiki ya tatu wakaacha. Alikuwa amekonda. Binti yake Mwende, anayeshona nguo kule Tassia, alimletea unga na mafuta na kumsihi aje wakae wote. Mama Kevo alimletea sahani ya mchana kila siku, mihogo ile ile mipya iliyozamishwa kwenye pilipili, na kila siku Shosho aliishukuru, akaila pilipili, akaacha muhogo. Mimi nilimletea uji. Nilimwambia, "Shosho, uza nduma basi, ama viazi vitamu. Watu wanakula."

Hiyo ndiyo mara yangu ya pili kufukuzwa. "Mimi nikiuza nduma," alisema, "huo muhogo umeshinda. Toka hapa na uji wako." Uji aliubakisha lakini.

Miezi ilipita zaidi ya mitatu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na muhogo ule ulitembezwa kweli. Wachuuzi waliuchemsha nusu siku, wakaukaanga, wakaupaka kila walichonacho. Wanunuzi walirudisha. Makaa yaliisha kabla muhogo haujaiva. Hata Mama Kevo alianza kununua nusu ya mzigo wake wa zamani, na Mutiso akawa anarudi Makueni na magunia.

Asubuhi moja ya Ijumaa alisimamisha pikapu mbele ya ile sufuria iliyopinduliwa. Nilikuwepo, naelekea kazini. Hakushuka kwa furaha safari hii.

"Mama, nisaidie. Chukua hata kidogo. Watu wakiona wewe umechukua, watachukua."

Nadhani hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe tangu mwanzo. Hawakuhitaji mdomo wake ukumbini, sasa walihitaji jina lake barabarani.

"Mutiso, nikuulize. Kwako nyumbani, mke wako anapika muhogo gani?"

Mutiso akaanza kukaza kamba ya mzigo.

"Nimekuuliza, baba. Watoto wako wanakula huu?"

Akajikuna shingo. Akatazama mafundi, nao walikuwa wameacha kazi wanasikiliza. "Iko mistari miwili nyuma ya nyumba," alisema mwishowe. "Ya zamani. Mke wangu alikataa nising'oe."

"Na majirani?"

"Kila mtu ameacha kidogo ya kula."

Nimewahi kuona watu wakishangilia goli, lakini sijaona kelele kama ile iliyotoka kwenye uwanja wa mafundi. Shosho hakushangilia. Aliinuka, magoti yakalia, akamsogelea mpaka dirisha la gari.

"Basi niletee hiyo mnayokula."

Jumanne alileta gunia moja, lililochangwa nyuma ya nyumba nane. Shosho alikagua kama kawaida, akarudisha mitano. Sufuria ikageuzwa. Nilisimama foleni na watu ambao hawakuwa wamesimama foleni mtaani tangu siku ya kupiga kura, na kipande kilipopoa kwenye kisahani, tulisogea wote kutazama. Kilimeguka. Nililia, sioni aibu kusema. Mwaka uliofuata vijiti vya mistari ile vilirudi shambani, vingi kuliko nilivyotarajia. Mbegu mpya bado ipo, wanasema inafaa unga wa kiwandani. Hakuna aliyemwomba Shosho msamaha.

Miguu ndiyo iliyomtoa kwenye kona, si askari. Mwende alimchukua Tassia, ghorofa ya nne, mahali ambapo ukifungua dirisha unaona nguo za jirani na ukinyoosha mkono unazigusa. Nilikaa muda mrefu bila kwenda. Nilijiambia ni kazi. Mwezi uliopita nilikwenda, Jumapili mchana, nimebeba sukari na jambo ambalo nilikuwa nimelibeba kwa miaka.

Alikuwa amekaa kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha, lakini macho yalikuwa yale yale. Tulizungumza habari za mtaa: nani amehama, nani ameolewa, Mama Kevo amemsalimu na kumtukana. Mwende alikuwa jikoni, tunasikia sufuria. Nikaona nisipolisema wakati huo nitaondoka nalo tena.

"Shosho, ile siku ya ukumbini. Mimi niliweka uso wa kucheka."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nyuma yako. Kwani mimi ni kipofu?"

"Mbona hukuniambia? Umeniuzia mihogo miaka yote hiyo."

"Ningekuambia nini na ulikuwa unajua?" alisema. "Nilingoja uniambie wewe. Umechelewa."

Mwende akaingia na sahani, akaweka kwenye stuli kati yetu. Mihogo ya kuchemsha, imekatwa vizuri, na kikombe cha chai kwa kila mtu. Alikuwa ameacha cherehani yake kutupikia, na vidole vyake vilikuwa bado na vipande vya uzi. Akasimama pale, akafuta mikono, akatabasamu.

Nikauma. Ulikuwa mgumu. Alikuwa ameongeza maji baridi, nilijua kwa jino la kwanza. Na Shosho ananitazama.

Niliona mke wa mchungaji na sinia lake. Niliona karatasi zote zile zinazocheka. Nikasema moyoni, leo sirudii. Nikaweka kipande chini.

"Mwende dada yangu, nisamehe," nikasema. "Huu haujaiva. Ni mgumu, umeongezewa maji."

Nilimtazama Shosho, nikitarajia, niseme ukweli, kusifiwa. Alikuwa ameukunja uso kwa hasira ambayo sijapata kuiona hata siku za askari.

Mwende alibaki mdomo wazi, kisha akacheka kwa unyonge. "Kumbe?" alisema. "Mimi sijui kuipika, nimejaribu kila namna. Lakini mama huniambia kila siku ni mitamu. Humaliza sahani."

Nikamgeukia mama yake. Nilikuwa nimeduwaa, na labda nilikuwa nimeanza kucheka. "Shosho. Wewe?"

"Ee, mimi." Aliinua kidevu. "Wale waliniuliza wapande nini. Huyu ameniuliza kama nimeshiba. Ukizeeka na bado hujui tofauti, toka kwa nyumba ya mtoto wangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya tatu. Sikutoka. Alinyoosha mkono, akachukua kile kipande nilichokiweka chini, akakitia mdomoni. Ana meno manne upande mmoja na mawili upande wa pili. Alikitafuna chote, polepole, huku akinikazia macho, akakimeza, akamwambia binti yake aongeze.